Hesabu kwanza, mahubiri ya utoaji baadaye: mwongozo wa fedha za kanisa kwa sharika za Mwanza na kando ya Ziwa

Sadaka ikishuka, makanisa mengi hukimbilia Malaki sura ya 3. Jumapili ya kwanza watu wanasikiliza, ya pili wanasikiliza, ya tatu wanaujua mstari kabla mhubiri hajaufikia, na kapu linarudi na uzito uleule. Mara nyingi tatizo halikuwa moyoni mwa muumini. Lilikuwa mezani kwa mhazini. Mtu aliyechangia bati mwaka juzi na hajaliona likipanda juu ya kanisa hana haja ya kufundishwa baraka za kutoa. Ana swali moja, na hana pa kuliuliza.

Biblia yenyewe ina kisa hiki, 2 Wafalme 12. Fedha zililetwa hekaluni, lakini hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi nyufa za nyumba zilikuwa bado hazijazibwa. Kilichofuata hakikuwa mahubiri. Kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha, akaliweka karibu na madhabahu, na fedha zilipokuwa nyingi walikuja watu wa ofisi mbili tofauti, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja na kuzifunga mifukoni. Ndipo mafundi wakalipwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kuhesabu, kuandika, kutoa taarifa, ndipo kufundisha utoaji. Jipeni miezi mitatu ya kunyoosha vitabu kabla ya kampeni yoyote ya sadaka. Tunasema usharika, mhazini na wazee wa kanisa. Kama kwenu ni parokia, kigango au kamati ya fedha, badilisheni majina, kazi haibadiliki.

Meza ya kuhesabia

Hapa ndipo kanisa linapopata au kupoteza imani ya watu wake, kwa hiyo tutakaa kidogo. Wahesabuji wawe watatu au zaidi, wasiwe wa nyumba moja. Mume na mke hawahesabu pamoja, hata wakiwa watu waadilifu kuliko wote, kwa sababu uadilifu wao haumsaidii aliyekaa kiti cha nyuma anayewaona wakiingia chumbani wawili. Mhazini asiwe miongoni mwa wahesabuji. Kazi yake ni kupokea kilichokwisha kuhesabiwa. Zamu ibadilike kila mwezi, na orodha ya zamu ibandikwe ukutani.

1. Makapu yanatoka kwa wahudumu wawili, yanawekwa mahali panapoonekana na watu wote hadi ibada iishe. Yasiingizwe ofisini katikati ya mahubiri.
2. Kuhesabu kunaanza ndani ya nusu saa baada ya ibada, palepale kanisani. Fedha haiendi nyumbani kwa mtu "ihesabiwe vizuri".
3. Bahasha zinafunguliwa kwanza. Kiasi kilichoandikwa juu kinalinganishwa na kilichomo. Kikitofautiana, andikeni kilichomo, na wahesabuji wawili watie saini fupi pembeni. Msimpigie mtoaji simu kwa hasira. Pengine mtoto alichomoa noti njiani.
4. Noti zinapangwa kwa thamani, sarafu zinapangwa mafungu ya kumi kumi. Mmoja anahesabu, wa pili anahesabu upya bila kuambiwa jibu la kwanza. Majibu yakitofautiana, wa tatu anahesabu.
5. Fomu inajazwa nakala tatu kwa karatasi ya kaboni: moja kwa mhazini, moja kwa katibu, moja inabaki kitabuni. Wote watatu wanasaini, mhazini anasaini kwamba amepokea.

Fomu ionyeshe idadi ya kila noti na sarafu, si jumla tu. Mfano: noti za 10,000 ziko 14 (140,000), za 5,000 ziko 22 (110,000), za 2,000 ziko 61 (122,000), za 1,000 ziko 138 (138,000), sarafu za 500 ziko 167 (83,500), za 200 ziko 94 (18,800), za 100 ziko 71 (7,100), za 50 ziko 9 (450). Jumla 619,850. Fomu ya jumla pekee inaweza kuandikwa upya Jumatatu na mtu mmoja mwenye kalamu. Fomu yenye idadi ya noti, yenye saini tatu na nakala mikono mitatu, kuigeuza ni kazi ngumu.

Angalieni pia zile sarafu 167 za mia tano. Kanisa linalopitisha kapu mara nne au tano katika ibada moja (sadaka kuu, jengo, injili, mgeni, na ile "ya haraka") linawafundisha watu kuchenji. Muumini anaingia duka la jirani na noti ya 2,000, anatoka na sarafu nne, na kila kapu linapata yake. Hamjaongeza sadaka, mmeongeza kelele ndani ya kapu. Mbili zinatosha: moja ya jumla, moja ya bahasha ambayo mtoaji ameandika mwenyewe juu yake fedha ni ya nini.

Kisha kanuni moja ambayo ikivunjwa, nyingine zote hazina kazi: fedha yote iliyohesabiwa inaingia benki kama ilivyo, kabla ya kulipa chochote. Nauli ya mhubiri mgeni, maji ya kunywa, betri za kipaza sauti, vyote visubiri au vilipwe kutoka kwenye masurufu, yaani fedha ndogo iliyotengwa kwa matumizi madogo. Zikichomolewa 40,000 mezani, hati ya benki itasoma 579,850 na fomu 619,850. Wiki hii kila mtu anakumbuka sababu. Baada ya miezi mitatu kuna tofauti kumi na mbili za namna hiyo na hakuna anayekumbuka hata tatu, na siku hiyo mhazini mwaminifu na mhazini mwizi wanafanana kabisa kwenye karatasi.

Kwa sharika za mjini, Kirumba, Igoma au Buhongwa, fedha iingie benki Jumatatu. Kwa visiwani na mialo (maegesho ya mitumbwi) ya mbali ambako tawi ni safari ya majini, tumieni wakala wa benki aliye karibu, watu wawili wakienda pamoja, na risiti ya wakala ibanwe kwenye fomu palepale. Wakala akiwa hana uwezo wa kupokea kiasi chote, wekeni kwa mafungu siku hiyohiyo. Kama ni lazima fedha ilale, ilale kwenye sanduku la chuma lenye kufuli mbili, funguo mbili, watu wawili. Na msiende kila wiki saa ileile kwa njia ileile. Mwalo mzima unajua Jumatatu ya kanisa.

Sadaka ya simu

Lipa namba isajiliwe kwa jina la kanisa. Namba binafsi ya mhazini haifai, hata "kwa muda", kwa kuwa muda huo huwa miaka. Mtu akitaka kulipa huliona jina kabla ya kuingiza namba ya siri. Likitokea jina la kanisa anaendelea, likitokea jina la mtu anasita, na ana haki ya kusita.

Anayeijua namba ya siri asiwe ndiye anayetunza simu au laini. Kila mwezi chukueni taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu, iliyochapwa, si picha ya skrini iliyokatwa. Miamala ya Jumapili ifungwe saa kumi na mbili jioni na kuongezwa kwenye fomu ya siku hiyo kama mstari wake peke yake. Inayoingia baada ya hapo ni ya wiki inayofuata. Makato ya kuhamisha fedha kwenda benki yaandikwe kama matumizi, yasipunguzwe kimyakimya kwenye mapato. Na kibandiko cha namba pale mlangoni kikaguliwe kila Jumapili asubuhi kwa kulinganisha tarakimu na zilizo kwenye kitabu. Kibandiko cha mwizi juu ya cha kanisa ni karatasi tu na gundi.

Taarifa ya dakika tano

Jumapili ya pili ya kila mwezi, kabla ya baraka ya mwisho, mhazini asimame asome mistari minne. Salio la mwanzo 412,300. Mapato ya mwezi 2,386,500. Matumizi 2,104,900. Salio la mwisho 693,900. Kisha madeni ya kanisa, kama yapo, kwa kiasi na kwa anayedai. Karatasi yenye mchanganuo ibandikwe ubaoni mwezi mzima, herufi kubwa, kwa Kiswahili cha kawaida: "umeme", "posho ya mwinjilisti", "saruji mifuko 12", siyo "gharama za uendeshaji". Neno "mengineyo" likizidi laki moja lifumuliwe.

Wazee wengine huogopa kwamba watu wakijua salio ni kubwa wataacha kutoa, na wakijua ni dogo watadharau kanisa. Hofu ya kwanza ina ukweli kidogo, na dawa yake ni kueleza salio limetengwa kwa kazi gani. Ya pili haina ukweli. Kinachodharaulisha kanisa ni taarifa inayosomwa mara moja kwa mwaka, haraka haraka, watu wakiwa na njaa.

Vitabu navyo visiwe vingi: daftari la fedha, kitabu cha stakabadhi, faili la hati za malipo, daftari la vitu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wala haihitaji mwizi. Inatosha mhazini kuhamia Geita.

Kalenda ya ziwa ndiyo bajeti yenu

Miongozo mingi ya bajeti ya kanisa inamfikiria muumini anayelipwa mshahara tarehe 25. Usharika wa Kayenze, Igombe au Kome hauna watu wengi wa namna hiyo. Mvuvi wa dagaa anategemea giza: taa inawavuta dagaa usiku usio na mwezi, na mwezi unapokuwa mpevu mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Mgao wa wavuvi hufuata mzunguko huo, na baada yake mama wanaoanika dagaa, wapagazi, mama ntilie na wenye maduka. Kapu la Jumapili ya mbalamwezi likiwa jepesi, siyo kwamba Roho ameondoka.

Tena mwezi wa angani una takriban siku 29 na nusu, hivyo Jumapili za mbalamwezi hazikai tarehe moja. Mkilinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana mtajidanganya. Ongezeni safu moja kwenye daftari la fedha, karibu na tarehe: "giza" au "mbalamwezi". Na nyingine ya hali ya hewa, kwa kuwa mvua za mfululizo huharibu dagaa waliotandazwa mchangani na bei huporomoka hata kama samaki ni wengi. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litawaambia mambo ambayo mshauri wa fedha kutoka mbali hayajui.

Sharika za bara, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, zinafuata pamba, mpunga na dengu. Mauzo ya pamba hufunguka katikati ya mwaka, mpunga nao huvunwa takriban majira hayo. Januari ni ada, sare na madaftari, kapu linakauka. Mjini kuna mchanganyiko: wafanyakazi wa mshahara, wafanyabiashara wa Mwaloni, wamachinga wanaopata na kumaliza siku hiyohiyo. Jueni wenu ni akina nani kabla ya kupanga.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Orodhesheni matumizi yasiyokwepeka ya mwezi: posho na mishahara, umeme, maji, mlinzi, mchango wa dayosisi au jimbo. Tuseme ni 1,400,000. Kiasi hicho ndicho akiba ya kwanza, na inajengwa wakati wa giza na wakati wa mavuno, kwa kutenga sehemu ya kila kinachozidi 350,000 kwa wiki. Ikishafika, anzeni mwezi wa pili. Kosa la kawaida ni kufanya kinyume: Jumapili tatu nono zinafuatana, kamati inaagiza vipaza sauti vipya kwa mkopo, mwezi unapevuka, na mchungaji anakosa posho. Kisha anahubiri utoaji akiwa na njaa, na watu wanaisikia njaa hiyo kwenye sauti yake.

Bahasha na majina

Bahasha ziwe na namba, siyo majina. Rejesta ya kuonyesha namba 047 ni nani itunzwe na watu wawili, chini ya ufunguo. Kila baada ya miezi mitatu mtoaji apewe karatasi yake ndogo, imefungwa: tarehe na kiasi alichotoa kila mara. Karatasi hiyo ina kazi mbili. Inamshukuru, na inamfanya kila mtoaji kuwa mkaguzi, maana 20,000 aliyoitoa Mei isipokuwepo atakuja kuuliza.

Msisome majina na viasi kanisani. Tunajua baadhi ya sharika zimezoea, na tunajua kwamba wiki ya kwanza mapato hupanda. Yanayofuata hayapandi. Mwenye elfu mbili anahamia viti vya nyuma, halafu nje chini ya mwembe, halafu usharika wa jirani. Mwenye jina kubwa anakopa ili asomwe. Orodha ya "wanaodaiwa ahadi" ubaoni ni mbaya zaidi, na picha yake kwenye kundi la WhatsApp la usharika ni mbaya kuliko zote. Taarifa za mtu na dini yake zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kanisa linalosoma viasi linamwambia mjane wa Marko 12 asimame baada ya mfanyabiashara wa sangara.

Ahadi za ujenzi

Watu hawatoi kwa ajili ya "ujenzi". Wanatoa bati, mfuko wa saruji, tripu ya mchanga. Igeuzeni bajeti iwe vitu. Chukueni ukumbi wa mita 10 kwa 20 wenye paa la pande mbili. Kutoka kofia, yaani kilele cha paa, hadi ukingo, kila upande una kama mita 5.8, yaani bati mbili za mita tatu zikipandana kidogo. Urefu wa paa pamoja na vizidio ni mita 21. Bati moja likishapandana na jirani yake linafunika kama sentimita 75, kwa hiyo safu 28. Mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa pande: bati 112. Tumieni bei mliyopewa na duka wiki hiyo kwa maandishi. Kwa mfano tu, tuseme 32,000. Jumla ni 3,584,000, mbao, misumari na kofia vikiwa na hesabu yake pembeni.

Sasa mwenye kaya anaweza kuelewa. Bati moja kwa miezi sita ni kama 1,250 kila Jumapili. Ruhusuni nusu bati, ruhusuni pia siku za kazi: fundi, mpaka rangi, mwenye mkokoteni. Kadi ya ahadi iwe na mistari mitatu tu: kitu, tarehe ya kumaliza, namba ya bahasha. Chorea paa ubaoni, miraba 112, na kila bati linaloingia stoo mraba unapakwa rangi. Linaloingia stoo, nasema, si linaloahidiwa.

Msipange kazi kwa ahadi zote. Hesabuni robo tatu. Katikati ya kipindi, mzee wa mtaa amtembelee kila aliyeahidi, nyumbani, bila karatasi mkononi, amuulize anaendeleaje. Majibu matatu yanakubalika: naendelea, niongezewe muda, nimeshindwa. La tatu lipokelewe kwa neno moja, "tumekuelewa", na kadi ifungwe. Asiyefunguliwa ahadi yake hukwepa kwanza kapu, kisha ibada, kisha salamu ya barabarani.

Paa likitosha, tangazeni kwamba limetosha. Katika Kutoka 36 mafundi walimwambia Musa kwamba watu wanaleta kupita kiasi, naye akatangaza waache. Ni tangazo ambalo sharika nyingi hazijawahi kulisikia, na likisikika mara moja, mchango unaofuata unakuwa mwepesi kwa namna ya kushangaza.

Kuku, mpunga, dagaa na mnada

Sadaka ya vitu iingie kwenye daftari la vitu siku hiyohiyo: aina, kipimo, namba ya mtoaji, aliyenunua, bei, namba ya stakabadhi. Kipimo kiandikwe kwa chombo kinachojulikana, debe, ndoo, sado, gunia. "Dagaa kidogo" si kipimo. Dagaa wakavu wauzwe mapema, hasa masika, maana wakishika unyevu wanaota ukungu na hakuna wa kuwanunua ila kwa chakula cha kuku. Mpunga unaweza kusubiri bei ikishuka wakati wa mavuno, ukiwa umekauka vizuri na magunia yamekaa juu ya chaga, mbali na ukuta. Usikobolewe kabla, mchele huwahi kuingia wadudu.

Mnada baada ya ibada ni raha yake, tusiukatae. Ila una magonjwa mawili. La kwanza ni deni: mtu ananyanyua jogoo kwa 45,000 akishangiliwa, anaondoka naye, na hela "inakuja". Kitu kisitoke mezani kabla fedha haijaingia au ujumbe wa malipo haujaonekana kwenye simu ya kanisa. La pili ni kushindana kwa ajili ya macho ya watu. Mnadi mwenye busara hufunga mapema bei ikianza kuwa ya kukomoana. Na kama vitu ni vya familia ya mchungaji, semeni hivyo wazi, viandikwe, apelekewe. Vinavyopotelea nyuma ya kanisa bila maneno huzaa maneno.

Sasa kufundisha

Mkishatoa taarifa tatu mfululizo bila kuruka, fundisheni. Andiko la kuanzia kwa watu wa ziwa ni 1 Wakorintho 16:2: kila mtu aweke akiba kwake, siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Lina mambo matatu yanayotekelezeka: kutenga nyumbani kabla ya kuja, kwa utaratibu, na kwa uwiano wa kipato. Mvuvi afundishwe kutenga siku ya mgao, palepale mwaloni, kabla hajapita kwenye vibanda. Sehemu ya kanisa, ya nyumba, ya akiba ya mbalamwezi. Hii ya mwisho ni wajibu wenu kuifundisha kwa uzito uleule wa fungu la kumi. Kanisa linalomfundisha mtu kutoa na halimfundishi kuweka linamrudisha kwenye mikopo ya riba kubwa, ya kausha damu, kila mwezi unapopevuka.

Semeni waziwazi kwamba hakuna anayetakiwa kukopa ili atoe. Na epukeni ahadi ya faida, toa laki upokee milioni. Anayetoa kwa hesabu hiyo amecheza bahati nasibu, na isipolipa hamdai mhubiri, anamwacha Mungu. 2 Wakorintho 9:7 inataka moyo wa kupenda. Hofu na tamaa vyote viwili viko nje ya mstari huo.

Watoto wapewe sarafu yao wenyewe, na wachague kila robo mwaka itanunua nini, mpira au mkeka wa Sunday school, kisha wakaone kilichonunuliwa. Wakubwa nao ni hivyohivyo.

Kutoa fedha nje

Kila malipo yawe na hati yenye watu watatu: aliyeomba, aliyeidhinisha, aliyelipa. Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha, na hakuna hundi inayosainiwa tupu "kwa sababu mwenyekiti anasafiri". Masurufu yawe 100,000, yakiisha yarudishwe kwa risiti. Kwa fundi au bodaboda asiye na risiti, tumieni karatasi yenye jina, simu, kazi, kiasi, saini yake na ya shahidi.

Sadaka ya jengo haigusiki kwa posho. Ikibidi kuazima, uwepo muhtasari wa kikao wenye kiasi na tarehe ya kurudisha, na jambo hilo lisomwe kwenye taarifa ya mwezi. Mfanyakazi anayelipwa zaidi ya 270,000 kwa mwezi anakatwa kodi ya mshahara, na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 20 kwa pande zote mbili. Hayo si hiari. Kiwanja na jengo viwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), siyo la mchungaji wala la mzee aliyekitoa.

Kufikia tarehe 10 ya kila mwezi, mtu asiye mhazini alinganishe daftari na taarifa ya benki, mstari kwa mstari. Mara mbili kwa mwaka wakaguzi watatu wasio wa kamati waingie bila taarifa, wahesabu masurufu yaliyopo na wachague hati 20 za kufuatilia hadi dukani.

Fedha ikionekana pungufu

Siku hiyohiyo, vitabu, hati na simu ya kanisa vikabidhiwe kwa watu wawili kwa maandishi. Mhazini akae pembeni akiendelea kupewa heshima yake. Pungufu ni swali, bado si hukumu, na mara nyingi jibu ni hati iliyobandikwa mwezi usio wake. Uchunguzi uishe ndani ya wiki mbili, maana ukivuka hapo mtaa unatoa hukumu yake. Mimbarani lisisemwe neno mpaka pawe na tarakimu. Ikithibitika kwamba imechukuliwa, msamaha ni wa mtu, fedha ina ratiba ya kurudishwa, imesainiwa, na washarika wanaambiwa kiasi na ratiba. Kumaliza kimyakimya kwa sala kunaokoa jina la mmoja na kumchafua kila mhazini atakayefuata.

Anayemaliza zamu kwa amani naye asiondoke na kumbukumbu kichwani. Makabidhiano yawe na siku yake, mbele ya mkaguzi mmoja: salio la benki kwa hati ya siku hiyo, masurufu yakihesabiwa noti kwa noti, vitabu vyote kwa namba, funguo, laini ya simu yenye namba ya siri mpya, fomu ya benki ya kubadilisha watia saini ikiwa tayari imejazwa, na orodha ya ahadi zilizo wazi. Wote watatu wanasaini kila ukurasa, na mhazini mpya hapokei kapu la Jumapili inayofuata mpaka benki imethibitisha saini yake.